Alhamisi Iliyoganda

Jina la nchi yetu sitalitaja. Si kwa woga, msinifikirie vibaya. Ni kwamba jina lenyewe bado linasubiri kibali, na mimi ni raia mtiifu, sikitangulii kibali. Itoshe kusema kwamba ni nchi nzuri, yenye mito, mabonde, polisi wa kutosha na Mashine moja.

Mashine hiyo ni kompyuta mpakato, ile ya kubebeka ambayo ninyi mnaiita laptopu. Ni nyeusi, nene, ya kiofisi, aina ambayo zamani maofisa wa makampuni waliikumbatia kifuani wakitoka mkutanoni. Ilikuja nchini ikiwa imekwisha kutumika, zawadi ya kampuni fulani ya ng'ambo iliyofilisika, na mgongoni ina karatasi iliyobandikwa: MALI YA TAWI LA TATU. USIONDOE. Wataalamu wetu waliitafakari karatasi hiyo wakaona ni bishara, na maneno hayo leo yamo kwenye nembo ya taifa, chini ya simba wawili.

Mambo yote ya serikali yamo ndani ya Mashine, na la kwanza kati ya hayo ni tarehe. Kwetu siku haianzi kwa jua kuchomoza. Jua ni la kila mtu, hata majirani wanalo. Siku huanza Mashine inaposema imeanza. Juu ya paa la Ikulu kuna taa ya kijani iliyounganishwa nayo kwa waya, na katiba inasema kwa ufupi wa kupendeza: taa ikiwaka, serikali ipo.

Ndiyo maana neno "kuzima" lilipigwa marufuku tangu siku Baba wa Kwanza alipoiwasha Mashine kwa mkono wake. Kikosi cha zimamoto kikabadilishwa jina, kikaitwa Kikosi cha Kuubembeleza Moto, na tangu hapo nyumba zetu huungua kwa heshima kubwa. Taa za majumbani hulazwa. Mtu akizimia sokoni, wanaomwokota husema amesinzia ghafla, wasije wakamwongezea kesi juu ya ugonjwa. Bungeni ulizuka mjadala mkali kama hata kusema "taifa zima" ni uhaini, maana masikio ya serikali husikia mpaka mzizi wa neno. Lakini Baba Mlezi, anayetutawala sasa, hulipenda neno hilo katika hotuba zake, basi likasamehewa.

Sasa, Alhamisi moja, Mashine ikaganda.

Haikufa. Ingekufa tungejua la kufanya, maana maziko tunayamudu. Iliganda tu: kioo kinawaka, taa ya kijani inawaka, lakini saa iliyo pembeni mwa kioo haisogei, na ukibonyeza chochote haikujibu. Feni ya ndani ikawa inanguruma mfululizo. Maofisa wakangoja Ijumaa. Ijumaa haikuja. Jua likazama, likachomoza, likazama tena, lakini jua si mtumishi wa serikali.

Tukakaa Alhamisi. Mahindi yaliyopandwa asubuhi ya Alhamisi hiyo tuliyala ya kuchoma Alhamisi hiyo hiyo. Msichana wa mtaa wa pili kwetu aliolewa Alhamisi na Alhamisi akajifungua, na mama mkwe, badala ya kununa, akapiga vigelegele kwa uzalendo. Waumini waliswali Ijumaa kimya kimya, na wakiulizwa walikuwa wapi hujibu walikwenda kunyolewa. Watoto shuleni walisoma ratiba ya Alhamisi, hisabati na kilimo, hisabati na kilimo, mpaka wakaijua mbolea kuliko jina la babu yao.

Tulizoea, siwafichi. Mtu hapigwi na asichokizoea zaidi ya mara moja. Baada ya hapo ni desturi. Lakini kulikuwa na mtu mmoja ambaye Alhamisi hiyo ilikuwa ikimla mifupa, naye ni Mashavu, fundi cherehani wa mtaa wa Mchangani. Mume wake, Mwalimu Shamte, alikuwa Gereza la Subira, na alikuwa atoke Ijumaa.

*

Kosa la Mwalimu Shamte lilikuwa la kalenda. Hata kabla ya kuganda, Mashine ilikuwa imeanza kuchelewa, kama wazee wanavyochelewa kwenye ngazi, na siku moja Mwalimu aliandika ubaoni tarehe ya kweli, ambayo Mashine ilikuwa haijaifikia. Akashtakiwa kwa kosa la kulitangulia taifa. Hakimu, mtu mpole sana, akamwambia atakaa ndani mpaka taifa limfikie, akamtajia tarehe, na tarehe hiyo ilikuwa Ijumaa.

Mashavu alimshonea shati la kutokea, jeupe, la mikono mifupi. Akalipiga pasi, akaenda nalo gerezani.

"Leo siku gani, mama?" askari wa lango akamuuliza.

"Ijumaa."

"Hebu tazama juu."

Akatazama juu ya lango, kwenye ubao unaoletewa siku kutoka Ikulu kwa waya. Alhamisi.

"Njoo kesho," askari akasema. Hakuwa na ubaya, ndivyo alivyoagizwa.

Akaja kesho. Ilikuwa Alhamisi. Akaja kesho ya kesho. Askari yule yule, jibu lile lile, mpaka wakawa wanasalimiana kwa kuulizana hali za nyumbani. Ubaya ulikuwa kwamba Gereza la Subira, siku ya Alhamisi, hupika mara moja tu, kwa sababu mchana jiko hufanyiwa usafi. Jiko hilo sasa lilikuwa safi kuliko la Ikulu. Kila Mashavu alipomwona mumewe kupitia wavu, alirudi nyumbani akalifumua shati ubavuni na kulipunguza. Alipunguza ubavuni, akapunguza mabegani, akaigeuza kola iliyochakaa kwa kufuliwa kabla haijavaliwa. Siku moja alikuta amebakiza kitambaa cha kumtosha kijana, akaweka mkasi chini akalia.

Hapo alijua kwamba Alhamisi ikizidi kukaa, mumewe hatatoka kwa miguu yake.

*

Ikulu nako hawakulala, nisiwasingizie. Iliundwa Tume ya Kuchunguza Joto. Tume ikagundua kwamba Mashine ina joto. Ikapendekeza ipepewe, na umoja wa akina mama ukaleta vipepeo vya ukindu, wakaipepea kwa zamu wakiimba. Tume ikagundua pia kwamba feni inapiga kelele bila kibali, na feni ikafunguliwa mashtaka ya uchochezi, ingawa wakili wa serikali alishindwa kuifikisha mahakamani kwa kuwa ilikuwa ndani ya Mashine, yenye kinga ya kutoshtakiwa.

Wahandisi wa kompyuta tulikuwa nao. Waliosoma, wenye vyeti. Lakini kila aliyeulizwa dawa alijibu kwa neno moja, lile lile, na neno hilo mnalijua. Wakapelekwa Gereza la Subira mmoja baada ya mwingine, na mwishowe nchi ikabaki na wahandisi wa madaraja tu.

Pengine tungeendelea hivyo hadi leo, maana Baba Mlezi hakuichukia Alhamisi. Ni siku isiyo na uchaguzi. Lakini asubuhi moja Mashine ikaanza kunuka, harufu ya plastiki inayoungua, na baobonye, pale penye herufi, ikawa imefutuka katikati kama kitu kinataka kutoka. Baba Mlezi akaisogelea, akainusa, akarudi nyuma.

"Mleteni fundi," akasema.

Amri hiyo ilipokelewa na Koplo Nassibu. Koplo Nassibu ni mtii asiyeongeza wala kupunguza, ndiyo maana hajapanda cheo. Alitoka getini, akateremka mjini, akasoma vibao vya maduka mpaka akakiona kimoja kilichoandikwa kwa rangi nyekundu: FUNDI MASHAVU. TUNASHONA, TUNAPUNGUZA, TUNATIA ZIPU.

"Wewe ndiye fundi?" akauliza mlangoni.

"Ndiyo mimi."

"Unatakiwa Ikulu. Kuna mashine imeharibika."

Mashavu akadhani ni cherehani ya mke wa mkubwa. Akachukua sanduku lake la vifaa, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni, akamfuata.

*

Walipokewa na Mheshimiwa Lubango, Waziri wa Saa, Kalenda na Mambo Yajayo. Waziri akaitazama ile futi, akazitazama pini kwenye kifua cha gauni, akamvuta Koplo pembeni.

"Huyu ni fundi wa nini?"

"Fundi, mheshimiwa."

"Nasikia. Wa nini?"

"Amri haikusema wa nini."

Waziri akafikiri. Kufikiri kwa waziri ni jambo zito, jasho lilimtoka puani. "Baba Mlezi kasema aletwe fundi," akasema taratibu. "Fundi kaletwa. Tukirudi tukasema siye, tutakuwa tumesema nini?"

"Tutakuwa tumesema amri ilikuwa na upungufu, mheshimiwa."

Wote wawili wakalikumbuka Gereza la Subira na usafi wa jiko lake.

"Basi ndiye," akasema Waziri. Wakamwingiza.

Mashavu aliona meza iliyofunikwa mahameli, na juu yake ile Mashine, inanguruma. Wala haikuwa cherehani. Mdomo ulikwisha kufunguka aseme, jamani, mimi nashona tu, mmekosea mlango. Ndipo macho yake yakaangukia pembeni mwa kioo, akaisoma siku. Alhamisi. Ni yenyewe. Ndiyo inayomla mume wangu, akasema moyoni. Akaufunga mdomo.

Baba Mlezi alikuwa kwenye kiti kirefu, mtu mfupi, mzee, aliyevaa nishani mpaka bega moja likashuka.

"Fundi," akasema. "Taifa lina homa. Nimelishika paji la uso mwenyewe. Vizazi vilivyopita vinakutazama, vizazi vijavyo vinakutazama, na Koplo huyu hapa naye anakutazama. Ukiiponya, utapata nishani. Ikikata roho mikononi mwako, utakuwa umeiua serikali, na adhabu ya kuiua serikali haijaandikwa, kwa kuwa walioagizwa kuiandika waliogopa kuifikiria."

"Nimesikia, baba."

Akaigusa. Ilikuwa ya moto kama pasi. Akapitisha kidole pale palipofutuka, akakumbuka simu ya jirani yake iliyovimba vile vile, ikalala juu ya godoro, ikaliunguza godoro na nusu ya chumba.

"Betri imevimba," akasema. "Hii itapasuka."

"Lini?"

"Sijui, baba. Hata sasa hivi."

Waziri akahamia nyuma ya Koplo.

"Na dawa yake?" akauliza Baba Mlezi.

Dawa yake Mashavu hakuijua. Alilojua ni la cherehani ya umeme. "Huingizi mkono ndani kabla hujaizi..." Akasita. Chumba kizima kilikuwa kinamtazama mdomo. Pingu kiunoni mwa Koplo zikalia.

"Kabla sijaifungua," akasema, "inabidi ilale kidogo."

"Mashine hailali," Waziri akasema kutoka nyuma ya Koplo. "Haijalala tangu Baba wa Kwanza."

"Basi ipumzike."

"Kupumzika ni kustaafu. Unamwambia nani astaafu?"

Baba Mlezi aliinua uso. Harufu ilikuwa imezidi, na sasa palikuwa na uzi mwembamba wa moshi unaotoka ubavuni. Ikipasuka, Mashavu aliwaza, hakuna Ijumaa. Akimwambia Baba Mlezi lile neno, hakuna Ijumaa, na gerezani watakuwa wawili. Akatafuta neno lingine kama mtu anayetafuta sindano sakafuni, na akalipata.

"Baba," akasema, "nataka nisikie kwa kinywa chako, nisije nikakosea. Unaitaka mashine ikiwa nusu, au ikiwa nzima?"

"Nusu ya nini? Naitaka nzima."

"Nzima?"

"Nzima kabisa. Mara ngapi niseme?"

"Koplo, umesikia?"

"Nimesikia," akasema Koplo Nassibu, asiyeongeza wala kupunguza. "Baba Mlezi kasema nzima kabisa."

Mashavu akaweka kidole kwenye kitufe cha kuwashia, akakibana, akashikilia. Hakuna kilichotokea. Akaendelea kushikilia, macho kayafumba. Feni ikashuka sauti, ikashuka, ikakatika. Kioo kikawa cheusi.

*

Kimya kilichofuata Koplo anasema hajawahi kukisikia Ikulu. Kwa mara ya kwanza walisikia kwamba uani kuna ndege.

"Umefanya nini?" Waziri akanong'ona.

"Nilivyoamriwa."

Waziri akakimbilia dirishani. Juu ya paa taa ya kijani ilikuwa haipo. Kwa mujibu wa katiba, wasomaji wangu, wakati huo hapakuwa na serikali, na mimi niliyekuwa kwenye foleni ya kuchukua kibali cha kubeba magogo naweza kushuhudia kwamba mbingu ilibaki mahali pake. Karani aliyekuwa akituambia "bado" alitazama nje, akakaa akala muwa.

Mle chumbani Baba Mlezi aliitazama mikono yake. "Sasa mimi ni nani?" akauliza.

Walinzi wawili wa mlangoni walikuwa wamenyoosha bunduki lakini hawakujua wamnyooshee nani, wakawa wanaelekeza kwenye kapeti.

"Mzee, hebu kaa kwanza," akasema Waziri, na kwa lile "mzee" kila mtu aliona jinsi mambo yalivyoharibika.

Mashavu hakuwa na nafasi ya siasa. Alichomoa waya wa chaji, akaipindua Mashine, akatoa bisibisi ndogo anayofungulia kibati cha cherehani chini ya sindano. Skrubu zilikuwa zimekazwa tangu Tawi la Tatu. Moja iligoma, akaitilia tone la mafuta ya cherehani, akangoja, akaizungusha, ikakubali. Kifuniko kikatoka. Betri ilikuwa imefura kama andazi. Akaiinua kwa kipande cha kitambaa, taratibu, pumzi kaibana, akijua kwamba ikipasuka itampasukia usoni.

"Koplo, ipeleke uani. Ifukie mchangani. Usikimbie."

Koplo akaipokea kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto wa watu, akatoka bila kukimbia.

Ndani, penye feni, palijaa vumbi lililoshikana likawa kama kipande cha blanketi. Kwenye cherehani yake hulitoa kila Jumamosi. Hapa halikuwa limetolewa tangu uhuru, kwa kuwa kuifungua Mashine kulihesabiwa kuwa ni ujasusi. Akalinyofoa kwa koleo, akapiga brashi, akapuliza. Waziri akapiga chafya na hakuna aliyemwambia afya. Mashavu akalizungusha panga la feni kwa ncha ya sindano: likaenda, likakwama, akalitilia mafuta kidogo, likaenda. Ikiwa ubaya uko kwingine, basi, akajiambia, sina kingine nikijuacho. Akarudisha kifuniko. Skrubu moja ikabaki mkononi. Kila fundi duniani anaijua hiyo skrubu. Akaitia mdomoni kama atiavyo pini.

Akachomeka waya wa chaji, bila betri, akabonyeza.

Haikuwaka.

Baba Mlezi akavuta pumzi kwa sauti. Kutoka mjini ulianza kusikika uvumi wa watu, si kelele, ni uvumi tu, wa watu wengi waliotoka nje na kutazama juu ya paa lile lile. Mashavu akabonyeza tena, akashikilia kidogo, akaachia. Mashine ikalia mlio mmoja mfupi. Feni ikazunguka, nyepesi. Kwenye kioo cheusi ikatokea mistari ya maneno meupe ya kigeni, na chini yake kimstari kinapepesa, kinapepesa, kinangoja.

"Imesema nini?" akauliza Baba Mlezi.

Waziri, ambaye alisoma ng'ambo, akainama akasoma, midomo ikicheza. Uso ukambadilika.

"Inasema imesahau," akasema. "Ina betri nyingine ndogo ya kukumbukia saa, nayo imekufa. Haijui leo ni lini. Inaomba iandikiwe tarehe."

Wote wakakitazama kile kimstari.

"Andika siku niliyoapishwa," Baba Mlezi akasema.

Mashavu akapiga hesabu. Siku hiyo Mwalimu alikuwa hajashtakiwa, na mtu ambaye hajashtakiwa hawezi kumaliza kifungo.

"Mzee, subiri," akasema Waziri. "Ukirudi huko mimi nilikuwa bado karani. Alhamisi ndiyo tuliyoizoea. Irudishwe Alhamisi."

"Nani mzee?"

"Nasema tu kwamba kwa sasa..."

"Nakuuliza nani mzee, Lubango."

Wakageukiana. Ilikuwa mara ya kwanza watu hao wawili kutazamana machoni, na kila mmoja akaona kitu ambacho hakukipenda. Walinzi sasa walikuwa na mahali pa kuelekeza bunduki, lakini hawakujua pa kuanzia. Mashavu akanyoosha kidole. Herufi za Mashine hakuzijua vizuri, lakini tarakimu anazijua, anazisoma kwenye futi kila siku, na tarehe aliyoitaja hakimu aliijua kuliko ya kuzaliwa kwake. Akaigonga tarakimu kwa tarakimu, akabonyeza kile kibonye kikubwa cha pembeni.

Kioo kikajaa mwanga. Ikatokea ile picha ya simba wawili, na pembeni saa, na saa ilikuwa inatembea. Nje watu wakaguna kwa pamoja, maana taa ya kijani ilikuwa imerudi.

Baba Mlezi na Waziri wakaruka wakasimama wima.

"Ijumaa," akasoma Waziri.

"Nani kaandika Ijumaa?" Baba Mlezi akauliza, na sauti yake ilikuwa imerudi kuwa ya serikali.

Mashavu akangoja pingu. Lakini Waziri Lubango hakuwa waziri bure. Aliona kwamba kama Ijumaa imeandikwa na mtu, basi na Alhamisi iliandikwa na mtu, na siku ya kuapishwa nayo, na kila kitu.

"Hakuna aliyeandika, Baba Mlezi," akasema. "Mashine imesema yenyewe."

Baba Mlezi akamtazama sana. "Ndivyo," akasema hatimaye. "Mashine imesema. Fundi, wewe ulifanya nini hapa?"

"Nilipangusa vumbi, baba."

"Na tarehe?"

"Sijui habari za tarehe."

"Siku utakayosema popote kwamba Mashine huambiwa," akasema Baba Mlezi kwa upole, "ndiyo siku tutakayoiandika ile adhabu."

Wakampa nishani. Ilikuwa na neno USIONDOE.

*

Mashavu alikwenda moja kwa moja gerezani, shati likiwa ndani ya sanduku kati ya mikasi na nyuzi. Ubao ulisema Ijumaa. Askari wa lango alikuwa amekaa chini ya ubao huo, kofia mkononi, anatokwa jasho.

"Pita, mama," akasema. "Leo ndiyo ile kesho."

"Mbona unahema?"

"Hukuiona taa? Ilipolala tulijua hatuna tena mwajiri. Tukakimbia sote. Lango tuliliacha wazi, funguo kitasani. Iliporudi nasi tukarudi mbio, tukijua tumekwisha. Tukawahesabu." Akasimama, akavaa kofia. "Hajatoka hata mmoja. Unaiona nidhamu hiyo?"

Walikuwa wamekaa uani kwa mistari, nyuso zimeelekea langoni, walimu, wahandisi, wauza magazeti, na watu ambao makosa yao hata wenyewe walikwisha kuyasahau. Mwalimu Shamte alikuwa mstari wa mbele. Alisimama kwa kushika bega la mwenzake. Mashavu akamvalisha shati pale pale, na pamoja na kupunguzwa kote kule, bado lilimpwaya.

"Lango lilikuwa wazi, Mwalimu," akamwambia chini kwa chini.

"Nililiona."

"Hapakuwa na askari."

"Hapakuwa na askari hata mmoja. Niliona hadi barabarani."

"Sasa mbona hukutoka?"

Akamshangaa mkewe, kama anavyomshangaa mwanafunzi mzuri aliyeuliza swali la kijinga. "Ilikuwa Alhamisi," akasema.

Mashavu alivumilia mengi siku ile, moshi, pingu, ile betri, lakini hakuna kilichomuuma kama jibu hilo. Huyu ndiye aliyefungwa kwa kuandika tarehe ya kweli ubaoni. Waliyemtia humu hakuwa huyu.

"Na leo Mashine imesema Ijumaa?" Mwalimu akauliza, akifunga kifungo cha juu. "Una hakika imesema?"

Angeweza kujibu ndiyo. Mume amempata, lango hili hapa, askari ni rafiki, na adhabu bado haijaandikwa. Alitaka kujibu ndiyo, na hasira ikamkataza.

"Haikusema kitu," akasema, na hakunong'ona. "Iliuliza."

"Iliuliza nini?"

"Leo siku gani. Ilikuwa haijui, Mwalimu. Baba Mlezi alikuwa hajui, waziri wake alikuwa hajui. Nikaiandikia mimi, kwa kidole hiki cha kushonea."

Askari wa lango akageuka akaitazama taa ya kijani kule kilimani. Ilikuwa inawaka vizuri, wala haikumpa maagizo yoyote.

Karibu na ukuta alikaa mzee mmoja mwenye mvi, ambaye alikuwa atoke Jumatatu fulani, na Jumatatu hiyo hakuna mtu aliyewahi kuiona. Akainua kichwa.

"Kumbe huambiwa," akasema.

Akaanza kutafuta ndala zake.